Kuhuisha kibali cha bangi ya tiba kwa ugonjwa wa wasiwasi, kwa simu ya video, nchini Kanada

Kibali cha bangi ya tiba nchini Kanada hakivuki mwaka mmoja. Daktari akiandika miezi 3, kinakwisha baada ya miezi 3. Akiandika mwaka mzima, siku zinahesabiwa tangu alipotia sahihi, si tangu ulipopokea kifurushi cha kwanza. Hakiongezwi muda. Muuzaji hana mamlaka ya kukusogezea hata siku mbili. Kikishapita tarehe yake, huwezi kuagiza tena. Kila mara inatakiwa hati mpya, iliyotiwa sahihi na daktari, au na muuguzi wa ngazi ya juu anayeruhusiwa kutibu na kuandika dawa, baada ya kuzungumza nawe.

Siku hizi wengi huyafanya mazungumzo hayo kwa video au kwa simu ya kawaida, na wengi huyachukulia kama kwenda kugongewa muhuri. Unaendeleaje? Vizuri. Haya, mwaka mwingine. Kwa ugonjwa wa wasiwasi, huko ni kujipunja. Bangi ile ile inayomtuliza mtu usiku inaweza kuwa ndiyo inayomwamshia wasiwasi kesho yake mchana, na daktari hawezi kulijua hilo kwa kukutazama usoni kwenye skrini. Atalijua kwa ulichoandika. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu wiki mbili kabla ya simu, na simu yenyewe inapata nafasi ndogo.

Ninawaandikia wasemaji wa Kiswahili walioko Kanada, awe Mkongomani wa Edmonton au Mkenya wa Brampton. Aliyeko Dar es Salaam au Mombasa asijaribu: huko bangi ni kosa la jinai, na karatasi ya daktari wa Kanada haimwokoi mtu.

Kabla ya yote: unakihitaji?

Tangu tarehe 17 Oktoba 2018 mtu mzima anaweza kuingia duka lenye leseni akanunua bangi bila kuulizwa ugonjwa. Umri wa kununua ni miaka 19 katika majimbo mengi, 18 Alberta, 21 Quebec. Kwa hiyo swali la kwanza ni kama kibali kinakupa kitu ambacho duka halikupi.

Kinakupa haya. Hadharani unaruhusiwa kubeba bangi ya siku 30 kwa kiwango chako, au gramu 150, kile kilicho kidogo, juu ya zile gramu 30 za kila mtu mzima. Unaagiza moja kwa moja kwa muuzaji wa tiba na mzigo unafika nyumbani. Risiti zako zinaingia kwenye marejesho ya kodi kama gharama za matibabu. Una karatasi ya kumwonyesha mwajiri au polisi anayeuliza. Na kuna mtu mwenye taaluma anayekuuliza hali yako angalau mara moja kwa mwaka, jambo ambalo mwenye duka halifanyi.

Hakikupi haya. Hakiondoi ushuru wa bangi wala kodi ya mauzo. Mgonjwa hulipa kama mnywaji wa bia anavyolipia bia yake. Hakikuruhusu kuendesha gari ukiwa umelewa. Hakivuki mpaka wowote.

Kwa maoni yangu, anayetumia chupa moja ya matone ya CBD (kiambato cha bangi kisicholewesha) kwa miezi miwili na hana mpango wa kudai kodi anaweza kuishi bila kibali, mradi daktari wake wa familia anajua anachotumia. Anayetumia THC, kiambato kinacholewesha, kila siku kwa ajili ya wasiwasi ana sababu kubwa zaidi ya kubaki chini ya uangalizi, hata kama kibali hakimpunguzii senti.

Hatua ya kwanza: tafuta tarehe

Fungua akaunti yako kwa muuzaji, au barua pepe ya usajili wako, utafute siku ya mwisho. Hesabu wiki 6 kurudi nyuma. Hiyo ndiyo siku ya kupanga miadi. Wiki 6 zinaonekana nyingi, lakini muuzaji anapaswa kuhakikisha hati yako kabla ya kukusajili upya, na kliniki ikichelewa kumjibu, wewe ndiye unayekaa bila dawa.

Anayelima mwenyewe nyumbani kwa kibali aanze mapema zaidi. Hati yake haipiti kwa muuzaji. Inakwenda Health Canada, idara ya afya ya serikali kuu, pamoja na maombi ya usajili, na majibu huchukua wiki, si siku.

Hatua ya pili: chagua kliniki, au rudi ile ile

Anza na daktari wako wa familia. Sheria inamruhusu kutia sahihi, na ndiye anayejua historia yako. Wengi watakataa, na si kwa ubaya: Health Canada haijaidhinisha bangi kama dawa ya wasiwasi, na mwongozo wa madaktari wa familia wa Kanada wa mwaka 2018 unawashauri wasiiandike kwa maradhi mengi, wasiwasi ukiwemo. Akikataa, mwombe muhtasari wa faili lako na orodha ya dawa zako. Hivyo ndivyo utakavyokwenda navyo kliniki ya mtandaoni.

Ya mtandaoni uipime kwa maswali manne tu. Anayetia sahihi ana leseni ya jimbo ulilopo wewe siku ya simu? Mtu aliyehamia Calgary kutoka Ottawa asishangae akiambiwa aanze na daktari mwingine. Je, kuna ada, na ni ya nini? Kliniki nyingi hutoza bima ya afya ya jimbo na wewe hulipi. Nyingine zina ada ya fomu. Kliniki inapata fedha kutoka kwa muuzaji fulani? Baadhi hupata, na hapo usishangae ukielekezwa kwa muuzaji mmoja tu. Uliza waziwazi, maana una haki ya kuchagua mwenyewe hati yako iende kwa nani. La nne: kuna mkalimani wa Kiswahili? Omba wakati wa kupanga miadi, si dakika ile simu inapoita, na useme ni Kiswahili cha wapi. Mama wa Uvira akiletewa mkalimani wa Unguja wataelewana, ila kwa mambo ya moyo na akili ni afadhali awe mtu wa karibu na lugha yake. Mtoto wako asiwe mkalimani. Hatamtafsiria daktari kwamba mama anavuta bangi kila asubuhi, na hata akitafsiri, umemtwisha jambo la watu wazima.

Tovuti inayokuahidi kibali cha maisha, au kukupa hati bila kuzungumza na mtu, achana nayo. Wauzaji wenye leseni wamo kwenye orodha ya Health Canada, na bidhaa halali zenye THC kwa kawaida hubeba stempu ya ushuru pamoja na alama nyekundu ya jani yenye herufi THC.

Hatua ya tatu: wiki mbili za daftari

Hapa ndipo kazi ilipo.

Chukua daftari la kawaida au sehemu ya maandishi kwenye simu. Kila ukitumia, andika saa, aina, kiasi, kilichokufanya utumie, na kilichofuata. Mstari mmoja unatosha. Kwa mfano: Jumanne, saa 4 usiku, matone, CBD miligramu 20 na THC miligramu 2, kifua kilikuwa kimebana tangu jioni, nililala saa 5 na nusu, niliamka mara moja. Mstari mwingine: Jumatano, saa 10 alasiri, nilivuta mara tatu, bosi aliniandikia ujumbe, moyo ulienda mbio zaidi kwa nusu saa, halafu ukatulia.

Kiasi kiandikwe kwa miligramu, maana daktari hana cha kufanya na "kidogo". Kwenye chupa ya mafuta utakuta miligramu ngapi za THC na CBD kwa mililita. Zidisha kwa mililita ulizovuta kwenye bomba dogo la kupimia. Kwenye maua makavu unaweza kukuta namba mbili za THC: moja ndogo, ya ile iliyomo sasa, na nyingine kubwa, ya itakavyokuwa ikishapata moto. Unayoitumia katika hesabu ni ile kubwa. Anayevuta msokoto hawezi kupima kwa usahihi. Aandike gramu alizosokota na mara alizovuta, inatosha.

Kwa nini miligramu zina uzito hivi? Mwaka 2017 watafiti wa Chicago waliwapa THC watu 42 waliowahi kutumia bangi lakini si kila siku, kisha wakawaweka kwenye jaribio la kuongea na kupiga hesabu mbele ya watu. Waliopewa miligramu 7.5 walitulia mapema baada ya jaribio. Waliopewa 12.5 walikuwa na hali mbaya kuliko waliopewa kidonge kitupu. Tofauti ya miligramu 5 ilitosha kugeuza kinachotuliza kuwa kinachosumbua. CBD nayo ina mambo yake: Brazil mwaka 2019, wanaume waliopewa miligramu 300 kabla ya kuhutubia walipungukiwa na wasiwasi, huku waliopewa 150 na waliopewa 600 hawakuona nafuu hiyo. Sasa tazama chupa yako: wengi wetu tunachukua miligramu 20, tunasema CBD imetusaidia. Inawezekana. Inawezekana pia kilichosaidia ni kuzima simu na kulala mapema.

Jambo la pili la kutafuta kwenye daftari ni saa. Mtu anayetumia THC kila siku kwa muda mrefu, mwili wake ukiikosa huanza kudai ndani ya siku moja au mbili: hasira za karibu, kukosa usingizi, kukosa hamu ya kula, jasho, na wasiwasi. Ndiyo, wasiwasi. Mtu anasema, "Nikikosa bangi wasiwasi unarudi, maana yake inanitibu," kumbe anachotibu ni pengo lililoachwa na bangi ya jana. Hali hiyo hupanda sana wiki ya kwanza, kwa kawaida hupungua baada ya wiki mbili hivi, ingawa usingizi huchelewa kurudi. Daftari likionyesha kwamba wasiwasi wako unakuja kwa saa zile zile, umbali ule ule kutoka kipimo cha mwisho, bila sababu yoyote nyumbani wala kazini, mwonyeshe daktari huo mstari kwanza. Usiufiche kwa kuogopa kunyimwa. Mara nyingi jibu lake ni kupunguza THC polepole au kuhamia bidhaa yenye CBD zaidi, na kibali kinabaki.

Mwishoni mwa wiki mbili jaza dodoso la GAD-7. Ni maswali 7 kuhusu wiki mbili zilizopita: umekuwa na wasiwasi mara ngapi, umeshindwa kuuzuia mara ngapi, kutulia kumekushinda mara ngapi, na kadhalika. Kila jibu lina alama 0 hadi 3, kutoka "hata siku moja" hadi "karibu kila siku", na jumla ya juu kabisa ni 21. Kuanzia 5 ni wasiwasi mdogo, kuanzia 10 wa kati, kuanzia 15 mkali. Kama ulijaza mwaka jana, tafuta ile namba. Ikishuka kwa alama 4 au zaidi, hapo kuna nafuu ya kuzungumziwa. Isiposhuka kabisa baada ya mwaka mzima wa kununua, hilo nalo ni jibu, na ni bora ulijue wewe kabla daktari hajakuambia.

Hatua ya nne: dawa nyingine

Mpigie mfamasia wako akuchapishie orodha. Kwa kawaida hailipiwi, na inachukua dakika chache. Iwe na kila kitu, hata dawa za mitishamba ulizotumiwa kutoka nyumbani.

Sababu ni hii: CBD huzuia vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa nyingine, hivyo dawa hizo hukaa mwilini kwa wingi kuliko ilivyokusudiwa. Miongoni mwake zimo citalopram na escitalopram, ambazo wengi wenye wasiwasi wanazitumia. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, anaweza kutokwa damu kirahisi. Anayemeza dawa za kutuliza kama lorazepam au clonazepam akaongeza THC anajilimbikizia usingizi juu ya usingizi. Na hizo mbili za mwisho kamwe usiziache ghafla kwa kuwa "sasa nina bangi". Kuziacha ghafla kunaweza kuleta degedege. Zinapunguzwa kwa ratiba ya daktari.

Mambo ambayo huenda yakazuia kibali kabisa: ujauzito, kunyonyesha, historia yako au ya ndugu wa damu ya kusikia sauti au kupoteza uhalisia, maradhi makali ya moyo, umri mdogo. Chini ya miaka 25 madaktari wengi husita, maana ubongo bado unajengeka.

Hatua ya tano: siku ya simu

Saa. Hapa watu wengi huikosa miadi. Barua pepe inasema 9:00 AM, wewe kichwani unasoma saa 9. Ni saa 3 asubuhi. Tena kliniki inaweza kuwa Vancouver na wewe uko Toronto. Mnapishana saa kadhaa, na barua haielezi kila mara saa iliyoandikwa ni ya wapi. Uliza.

Weka karibu kadi ya afya, kitambulisho chenye picha, chupa zenyewe na vibandiko vyake, daftari, orodha ya dawa, namba ya GAD-7. Keti mahali penye mlango. Wengi wetu tunaishi na wazee au mashemeji ambao kwao mvuta bangi ni mhuni tu, basi watu huenda kuongelea garini. Sawa, ila gari liwe limeegeshwa na funguo ziwe mfukoni. Daktari akiona unaendesha atakata simu, na ana haki. Usitumie THC saa chache kabla ya simu. Anataka kukuona ulivyo.

Atakuuliza ulipo, kisha maswali. Tuseme mgonjwa ni mama wa makamo anayefanya usafi hospitalini, na mkalimani yuko kwenye laini:

"Mama, daktari anauliza unatumia mara ngapi."

"Mwambie kidogo tu, mwanangu. Nikisikia moyo unanidunda."

"Anaomba umweleze hicho kidogo, mama. Ni usiku tu, au hata mchana?"

"Matone ni usiku, kila siku. Ule wa kuvuta... ni asubuhi, kabla ya kwenda kazini."

"Kazini unakwenda kwa basi au unaendesha?"

Daktari atakaa hapo kwa muda, na ndivyo inavyopaswa. Angejibiwa "kidogo tu" angetia sahihi akaendelea na mgonjwa mwingine, na mama huyu angeendelea kuendesha kila asubuhi akiwa na THC kwenye damu. Sema ukweli wa kiasi, wa saa, na wa pombe kama ipo. Daktari hayuko pale kukupeleka polisi.

Sema pia kile unachoweza kufanya sasa ambacho mwaka jana hukuweza: kupanda basi lililojaa, kupokea simu ya namba usiyoijua, kukaa ibada nzima bila kutoka nje. Na kile usichoweza bado. Eleza kama umejaribu tiba ya mazungumzo au dawa kama sertraline, maana hizo ndizo huanzwa nazo kwa ugonjwa huu, na ukiziacha ueleze kwa nini. Ukiwa na mawazo ya kujiua, sema hapo hapo, hata kama hukuulizwa. Nje ya miadi kuna namba 988, ya kupiga au kutuma ujumbe, usiku na mchana, kwa Kiingereza na Kifaransa.

Kabla ya kukata simu hakikisha umesikia mambo mawili kutoka kinywani mwake: gramu kwa siku, na muda. Gramu hizo huandikwa kama bangi kavu hata kama wewe hutumii ila mafuta. Muuzaji ndiye anayezigeuza. Usiombe namba kubwa "kwa tahadhari". Namba kubwa haikupunguzii bei, na inakuachia mlango wa kupandisha dozi bila kuongea na mtu. Akikupa miezi 6 badala ya 12 kwa sababu amebadilisha dozi, mshukuru. Ina maana anakusudia kukuona.

Hatua ya sita: hati iende

Kliniki huituma yenyewe kwa muuzaji. Wewe omba nakala. Isome: jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, gramu, muda, jina na namba ya leseni ya aliyetia sahihi, tarehe. Majina yetu hapa huleta shida, hasa kwa aliyeandikwa majina matatu kwenye karatasi za uhamiaji na mawili kwenye kadi ya afya. Yasipolingana, usajili unasimama. Jina la ugonjwa si lazima liwemo kwenye hati, kwa hiyo muuzaji hahitaji kujua kwamba ni wasiwasi.

Hati moja hutumika kwa muuzaji mmoja. Ukitaka wawili, daktari aandike hati mbili na kugawa gramu. Ukitaka kuhama katikati ya mwaka, muuzaji wa zamani analazimika kuihamisha ukimwomba.

Wakikukataa

Uliza sababu, uiandike. Kama ni mwingiliano wa dawa au dalili za utegemezi, kukimbilia kliniki nyingine na kunyamaza kuhusu sababu hiyo ni kujiumiza. Omba badala yake mpango wa kupunguza na rufaa kwa mshauri nasaha. Kama sababu ni kwamba hawakuelewa, au faili lilikosekana, rudi na makaratasi. Tena bado unaweza kununua dukani kihalali, kwa hiyo hupotezi haki ya kutumia. Unachopoteza ni uangalizi. Kuacha THC ghafla si hatari kama kuacha lorazepam, ila utalala vibaya kwa siku kadhaa, basi usilifanye wiki yenye mitihani au zamu za usiku.

Gari, kazi na safari

Ukivuta, athari huanza ndani ya sekunde hadi dakika chache na inaweza kudumu saa 6. Ukimeza, huanza kati ya nusu saa na saa 2, hufika kilele karibu saa ya 4, na inaweza kudumu saa 12. Sheria ya jinai ya Kanada inaweka mpaka wa nanogramu 2 za THC kwa mililita ya damu ndani ya saa 2 baada ya kuendesha. Ukifikia 5 ni kosa kubwa zaidi, faini ya kwanza haipungui dola 1,000. Kibali hakifuti hilo.

Madereva wa malori, na ndugu zetu wengi wamo humo, wasikilize vizuri. Ukivuka kwenda Marekani na lori, unakuwa chini ya vipimo vya wizara ya uchukuzi ya huko, ambayo haikubali bangi ya tiba kama maelezo ya kipimo kilichoonyesha THC. Kibali chako cha Ontario hakina maana kwao. Asiye raia wa Marekani anayekiri mpakani kwamba anatumia bangi anaweza kuzuiwa kuingia.

Ndani ya Kanada unaweza kupanda ndege nayo, ukiwa na uthibitisho kama imezidi gramu 30. Nje ya Kanada, hapana. Si chupa ya CBD, si pipi moja iliyosahaulika mfukoni, si kwa kwenda wala kwa kurudi. Sheria ya Kanada yenyewe inakataza, kibali kiwepo kisiwepo. Safari ya Nairobi au Dar mara nyingi hupitia Dubai au Doha, ambako mizigo hukaguliwa na adhabu ni kali. Kama unakwenda nyumbani kwa mwezi mzima, mwambie daktari kwenye simu hii ya kuhuisha. Mtapanga kupunguza taratibu kabla ya safari, ili siku ya tatu ya msiba au harusi usijikute unatetemeka ukidhani ugonjwa umerudi.

Risiti

Kila agizo kutoka kwa muuzaji wa tiba lina risiti. Pakua zote. Zinaingia mstari wa 33099 wa marejesho ya kodi, pamoja na miwani, meno na dawa nyingine ulizolipa mwenyewe. Zile za duka la kawaida hazihesabiki, hata kama bidhaa ni ile ile. Unachagua miezi 12 yoyote mfululizo iliyoishia ndani ya mwaka wa kodi, na unadai kiasi kinachozidi asilimia 3 ya kipato chako halisi au kile kiwango kilichowekwa na serikali, kilicho kidogo kati ya hivyo. Mwenye kipato cha dola 40,000 ataanza kunufaika baada ya dola 1,200 za gharama. Askari wastaafu wana mpango wao tofauti wa kurejeshewa, hadi gramu 3 kwa siku. Kwa watu wengi, tarehe ya mwisho ya kupeleka marejesho ni 30 Aprili, na risiti uziweke miaka 6.